Unga Usiopigisha Moyo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa koti wala chekecheo. Nilipewa kikombe cha maji yaliyokorogewa unga wa kijani, nikaambiwa ninywe, nikae kwenye benchi na niweke mkono kifuani. Aliyenipa alikuwa Chef wa Atelieri, mfamasia mzee wa familia iliyotoka Kasai zamani, mtu mrefu asiyependa kucheka. Atelieri yetu, yaani karakana ya kutengenezea unga, ilikuwa nyumba ndogo kule Naviundu, karibu na mto. Nilikaa mpaka benchi likaniumiza, ndipo akarudi.

"Mama, moyo iko inapiga mbio?"

"Hapana, Chef. Siko nasikia kintu."

"Ile njo bien, njo muzuri. Siku utasikia inapiga mbio, ujue bantu banatia kintu ingine mu unga. Ufunge mulango, uende kwako."

Nilidhani ananitania. Kumbe kila mfanyakazi mpya alipitia benchi lile, na kila unga mpya ulijaribiwa hivyo kabla ya kutiwa kwenye sache, vile vipakiti vya kuuzia.

Ninyi vijana mnaniuliza unga wa nguvu tuliutengenezaje. Tulikausha majani ya moringa kivulini, maana jua kali huyaharibu. Tulisaga ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na karanga. Kisha Chef mwenyewe alipima vitu vya famasia. Vitamini B husaidia mwili kugeuza bukari, yaani ugali tunaokula, kuwa nguvu, na magnesiamu ni ya misuli. Chuma husaidia damu kubeba hewa, lakini sache zenye chuma hakupewa mtu kabla ya kupimwa damu, kwa kuwa chuma kikizidi kinadhuru. Humo tuliongeza vitamini C ili chuma kiingie vizuri mwilini, na tuliwakataza watu kunywa unga huo pamoja na chai, kwani chai hukizuia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomkimbiza mtu moyo. Humsaidia aliyepungukiwa, basi. Asiyepungukiwa, Chef alisema, "itatoka mu mukojo tu," na alilisema hilo mbele ya wateja bila haya.

Mume wangu, Papa Kalenga, alikuwa dereva wa lori, akipeleka mizigo ya migodi mpakani. Mwaka mmoja malaria ilimmaliza damu, akawa anapumzika katikati ya kupanda kwenye kabini yake. Dispansari walimpima, nami nikamletea sache zenye chuma. Hakuna alichosikia siku ya kwanza wala wiki ya kwanza. Baadaye, pole pole, akaanza kupanda bila kusimama. "Mama Kalenga," akaniambia, "unga yenu iko ya kweli." Nilifurahi siku ile kuliko siku ya mshahara.

Baadaye Chef alinihamishia kwenye depo yetu ya Kasumbalesa, mpakani. Pale ndipo nilipoijua foleni. Malori husimama siku baada ya siku, halafu ghafla yanasogea kidogo, na dereva aliyelala anapitwa. Kwa hiyo hakuna aliyetaka kulala. Walikuja dirishani na macho mekundu.

"Mama, iko ile ya kufukuza usingizi?"

"Hapana, Papa. Usingizi dawa yake njo kulala."

Walicheka sana. Wengine walinunua, wakanywa palepale, wakashika kifua na kungoja. Moyo usipokimbia walinirudishia sache zilizobaki wakisema zimekufa. Kwao dawa isiyosikika mwilini haikuwa dawa, na maelezo yangu yote hayakuwabadilisha.

Siku moja akaja Papa Kalenga mwenyewe, akitokea kwenye foleni.

"Unipe ya nguvu. Minachoka."

"Damu yako banapima, iko bien. Iyi iko kuchoka ya usingizi."

"Nikilala, nani atasogeza camion?"

Sikumuuzia sache, naye akarudi kwenye lori lake.

Chef wa Atelieri alipofariki, mpwa wake alikalia kiti. Tulimwita Directeur, yaani mkurugenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia kila asubuhi na kuniulizia watoto. Alinirudisha Naviundu, akatukusanya, akatuambia kwamba wateja wanapenda wasikie kitu, kwa hiyo tutatia kafeini.

"Na kwa sache, mutaiandika?" nikauliza.

"Itabakia ile ile, Mama. Bantu banazoea ile picha."

"Na benchi? Nani atakaa?"

"Benchi iko ya zamani."

Nikakaa mwenyewe. Nilikunywa unga ule mpya, nikaweka mkono kifuani, na muda si mrefu moyo ulianza kwenda mbio. Nilivua koti, nikalikunja, nikafunga mlango nyuma yangu. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hapakuwa na hotuba wala soda.

Nyumbani nilimweleza Papa Kalenga waziwazi kilichomo katika sache zile. Alinisikiliza vizuri. Safari iliyofuata akazinunua mpakani, akarudi mchangamfu kama ambavyo sikuwa nimemwona kwa miaka.

"Sasa njo iko inafanya kazi," akasema. "Zamani mulikuwa munatuuzia majani."

Nilikasirika mpaka nikalia. Nilimwaga chooni zote alizokuja nazo. Akanunua nyingine, maana foleni haikuwa imepungua, na sache moja sasa haikumtosha.

Alianguka kando ya lori lake, akiwa amebakiza malori machache mbele yake. Wenzake walimleta hospitali. Docta alisema kulikuwa na presha ya muda mrefu ambayo hakuna aliyeipima, na miaka ya kutolala, na juu ya hayo vitu vya kumsukuma mtu aliyepaswa kusimama. Moyo umechoka, alisema, hataendesha tena.

Sasa tunaishi Annexe, pembeni mwa mji, tuna kipande cha shamba. Ninalima matembele, na moringa imeota vizuri kando ya ukuta. Vijana wanakuja kuomba maelekezo ya unga wa zamani, nami nawapa bila kuficha. Nawaambia wapimwe damu, wale, walale, na kama bado wamechoka, wajiulize ni nani anayewafanya wakeshe. Wanaandika moringa na ndakala. Hilo la mwisho hawaliandiki, na hunisikitisha.

Mchana Papa Kalenga hulala kwenye kiti karibu na mlango. Analala sana siku hizi, usingizi ambao foleni haikumpa hata mara moja. Kimya chake kikizidi naacha jembe, naingia, naweka mkono kifuani pake na kungoja, kama nilivyongoja kwenye lile benchi.

"Iko inapiga?" ananiuliza, bila kufungua macho.

"Iko inapiga, Papa Kalenga. Lala."