Matanga ya Mwanasheria Mkuu wa Amerika

Mimi nikisoma wasifu wa marehemu, hata aliyegombana naye analia. Sijisifu, uliza yeyote kuanzia Malvern mpaka Rosettenville. Kwetu Lubumbashi mtu hazikwi kimya kimya: lazima mmoja asimame aseme alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Hapa Johannesburg kazi hiyo wamenipa mimi, mshona nguo wa Jules Street, kwa ajili ya koo hili nililopewa na Mungu.

Na mwenye koo hilo akazaa mtoto asiyefungua mdomo mbele za watu! Binti yangu alikuwa darasa la sita. Nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na maneno hayamwishi. Lakini shuleni, siku alipoitwa kuzungumza mbele ya wenzake, alisimama kama nguzo mpaka kengele ikalia. Mwalimu akaniandikia: akinyamaza tena, atarudia darasa. Eish! Barua ile niliibeba mfukoni wiki nzima.

Safari hii kila mtoto aliokota kikaratasi chenye jina la mtu wa kumzungumzia darasani. Wenzake walipata wachezaji mpira na malkia. Wangu akatoka na mwanasheria mkuu wa jimbo moja la Amerika, wa miaka mia iliyopita, na karatasi fupi ya maisha yake. Akatupa begi, akasema mtu huyo hajulikani, hata mwalimu hamjui.

"Kwani marehemu wangu mimi wangapi walijulikana?" nikamwambia. "Lete karatasi."

Jumamosi mchana nikasimama sebuleni kumwonyesha. Mume wangu, mlinzi, alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala kwenye kochi, shuka mpaka kichwani. Nikaanza kwa Kiswahili, maana kulia kwa Kiingereza sijui.

"Marehemu alizaliwa shambani, mtoto wa mkulima. Alijifunza sheria ofisini kwa mzee mmoja, huku akimfagilia. Wananchi wakampigia kura awe mwanasheria mkuu wa jimbo lao. Akaishitaki kampuni ya reli iliyowakamua wakulima kwa nauli ya mahindi, na akaishinda! Uchaguzi uliofuata wakamwangusha. Akarudi kwao, akawa anawaandikia wajane barua, mpaka siku Bwana alipomwita."

Hapo nikapandisha sauti na kulia kidogo. Wasifu bila machozi ni tangazo tu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Ni jirani yetu, mama wa Kirundi. Kati yetu kuna ukuta mwembamba tu. Akaniona ninalia, akaona kochi, akaona shuka. "Yooo! Baba watoto!" Akamwangukia. Mume wangu akaruka na shuka lake akipiga kelele za wezi. Jirani akapiga kelele zaidi, maana maiti imeamka.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. "Dada yangu," akasema akihema, "nimeshawapigia watu simu. Wako njiani."

Na kweli, waliingia na viti vya plastiki vya kanisa, sukari, unga wa bugali, na vilio vyao. Nilieleza mlangoni mpaka nikachoka. Mzee mmoja, fundi viatu, akakataa kugeuka.

"Tumeshakuja," akasema. "Marehemu ni marehemu, na huyu Mwamerika wenu hapa hana hata ndugu. Someni wasifu."

Viti vikapangwa. Macho yote kwangu. Mimi nikamtazama binti yangu.

"Koo langu limekauka," nikasema. Uongo mtupu! "Na mfiwa ni huyu. Karatasi ni yake."

Akanikata jicho, akasimama. Kimya. Moyo wangu ulikimbia kuliko cherehani. Nilijuta, nikataka kumnyang'anya karatasi. Lakini kwenye matanga, anayeshindwa kusema hachekwi. Watu wanajua ni uchungu. Jirani akaanzisha wimbo wa msiba taratibu, wengine wakaitikia, kisha wakashusha sauti, wakamngoja.

"Pole, mama," fundi viatu akamwambia binti yangu. "Jikaze. Tupo."

Akaanza. Kwa Kiswahili! Kilichechemea, lakini kilienda. Alipofika kwenye reli, watu wakasimama: "Ameshinda!" Sauti yake ikapanda, na humo nikasikia koo langu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kupumua.

"Ameacha watoto?" fundi viatu akauliza mwishoni.

Karatasi haikusema. Binti yangu akaigeuza, akaikunja.

"Ameacha wakulima," akasema.

"Amina!" nyumba nzima ikaitikia. Tukasonga bugali, tukakaanga dagaa, tukala tukicheka, mume wangu akipewa pole na kila aliyepita kwa kufufuka kwake.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya kuzungumza shuleni. Nilishona suruali ya mteja, nikafumua, nikashona tena upande uleule kimakosa. Saa nane akaingia dukani na begi mgongoni, amenuna.

"Mwalimu amesemaje?" nikauliza, mguu umeganda kwenye pedali ya cherehani.

"Ameniambia nikae chini," akasema. "Eti ninaongea sana, dakika zimekwisha."

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Kwa reli tu, mama! Hata sijamzika."

Nikasukuma suruali ya watu pembeni, nikavuta kiti cha wateja, nikakaa mimi.

"Basi simama hapo," nikamwambia. "Mzike."