Mada Niliyoipeleka na Isale

Rafiki yangu msomaji, sogea karibu. Nakusimulia wewe kwa sababu hunikatizi. Nyumbani wamechoka. Mume wangu nikianza tu anasema, "Hiyo tumeshaisikia," anabeba redio yake anaenda kukaa kwenye migomba. Wewe keti.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa mnunuzi binafsi kuja na gari lake kununua kahawa yako bila kupitia ushirika, ruksa bei ya kahawa kuanguka na asiwepo wa kumwuliza. Kwetu juu ya Kikatiti watu wakaanza kung'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao, wakapanda nyanya. Nyanya zinapenda jua, kwa hiyo mti wa kivuli ukawa adui wa maendeleo. Mbao nazo zilikuwa na wateja, maana mjini kila aliyepata shati jipya alikuwa anajenga.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alielimika upesi sana kuhusu soko huria. Juu ya mashamba ya ukoo kuna chemchemi inayolisha mfereji wetu, na imezungukwa na miti mikubwa ambayo hata mababu hawakuipanda, waliikuta. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na somo la uumbaji nililifundishia hapohapo kwenye chemchemi. Jumapili moja nimepanda na watoto, tukakuta kila mti umepakwa alama ya rangi nyekundu.

"Mwalimu, miti imeumia?" mtoto mmoja akaniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Nikashuka moja kwa moja kwa shemeji.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, mke wetu."

"Ile rangi kule juu ni ya nini?"

"Biashara."

"Na maji?"

"Maji yanatoka chini, mke wetu, hayatoki kwenye majani. Kwani huko jioni wanawafundisha nini?"

Alikuwa ananisimanga kwa madarasa ya jioni. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yananigusa kidevu, nasoma ya sekondari. Shemeji aliona ni kichekesho kikubwa kuliko kuuza chemchemi.

Mume wangu nilipomwambia akasema, "Ni kaka yangu." Nikasema, "Na mimi ndiye ninayechota maji." Tukalala.

Basi nikaenda mjini kumwona afisa anayehusika na miti. Yuko semina. Nikarudi wiki iliyofuata. Yuko warsha. Nikauliza warsha na semina zina tofauti gani, karani akaniambia warsha ina chakula cha mchana. Nikarudi tena: afisa anajiandaa kwenda kufungua mkutano mkubwa wa elimu ya mazingira hapahapa Arusha, hotelini, kwa hiyo haonani na mtu. Mkutano wenyewe ulikuwa umetangazwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni kwake. Nikaisoma yote. Chini kabisa imeandikwa kwamba waelimishaji wa mazingira wanakaribishwa kupendekeza mada.

Nikajiambia, mama, huyu mtu hapatikani ofisini, anapatikana semina. Kama mnyama anakunywa maji mtoni, utamngojea jikoni? Na mwelimishaji wa mazingira ni nani, kama si mtu anayepandisha watoto kwenye chemchemi kila Jumapili mvua isiponyesha?

Nikaandika mada yangu, ukurasa mmoja kama walivyotaka, nikaipeleka mjini, Levolosi, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa anapiga chapa barazani kwa mashine yake. Huyu mama tulizoeana tangu zamani, na ulimi wake hauna breki. Akasoma mstari wa kwanza, akavua miwani.

"Mama, hii ni mada au ni mahubiri?"

"Mada."

"Mada gani inaanza na Bwana Yesu asifiwe?"

"Ya kwangu."

"Haya, mimi kazi yangu kupiga. Lakini hawa watu wa mazingira karatasi zao zote zinapita hapa kwangu. Neno 'endelevu' liko wapi?"

"Niliweke wapi?"

"Popote. Lile ni kama chumvi. Na 'shirikishi' nalo. Bila hayo hawali."

Akanitilia mwenyewe, bila kuongeza bei. Ndiyo maana mpaka leo kwenye mada yangu Mungu aliumba ulimwengu kwa njia shirikishi.

Ofisi ya mkutano ilikuwa Kijenge, kwenye nyumba nzuri yenye geti. Ukutani wamebandika picha za tembo. Katibu alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, mpole, ananukia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akasoma kwa haraka. "Mama, ni nzuri sana, ila watoa mada wetu ni wataalamu. Wewe taasisi yako ni ipi?"

"Shule ya Jumapili."

Akatafuta mahali pa kuandika hiyo, hakupaona. Akaniambia nafasi zimejaa, ila ninakaribishwa kama msikilizaji, tena nitapewa mkoba na kofia. Nikamshukuru kwa kofia. Sikuja mjini kwa sababu kichwa changu kinapigwa na jua.

Nikarudi nyumbani na karatasi yangu. Kule juu alama nyekundu bado zinang'aa, na shemeji ameshamwambia mume wangu kwamba watu wa misumeno wanakuja mkutano ukiisha wiki ileile, kwa sababu lori lao limekodiwa na watu wa mkutano kubebea viti. Sitanii.

Sasa sikiliza. Kwetu mlimani, mtu akikufungia mlango, unakwenda na isale. Ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Ukichukua jani lake, ukalifunga fundo, ukampelekea mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia. Akikataa, watu watamtazama tofauti mpaka afe. Mwinjilisti wetu anasema hayo ni mambo ya gizani. Lakini alipogombana na kwaya mwaka ule, wanakwaya walimpelekea isale na akalipokea kwa mikono miwili, na Jumapili ile aliimba sauti ya tatu. Mimi nilisali kwanza. Nikamwambia Mungu, jani hili umeliumba wewe, na mimi sina mkoba wa ngozi. Halafu nikakata.

Nilijua mwenyekiti wa mkutano ni mtoto wa mlima kama sisi, mzee wa makamo, amesoma mpaka ng'ambo. Nikarudi Kijenge, nikamvizia anatoka kwenye gari, nikampa karatasi na jani juu yake, kwa mikono miwili, nimeinama kidogo.

"Shikamoo mzee."

Alikuwa anatazama lile fundo. Yule binti wa Dar alitoka akasema, "Mzee, mama ameleta sampuli ya mmea, nikaiweke kwenye maji?" Mzee akamwonyesha kwa mkono asiguse.

"Marahaba, mama," akasema polepole. "Mimi nawe hatujuani. Umenikosea nini?"

"Bado sijakukosea, mzee. Naomba msamaha mapema kwa yale nitakayosema kwenye mkutano wako."

Alicheka mpaka akaegemea gari. Halafu akaacha kucheka, maana alikuwa ameshalishika. Akatazama kama kuna mtu wa kumpa. Hakuna. Akaingia nalo ndani, na alipotoka jina langu lilikuwa kwenye ratiba: dakika kumi, siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana. Yule binti aliandika kichwa cha mada yangu kuwa "Maua ya Mapambo Vijijini". Sikubishana. Ukishaingia ndani hubishani na mlango.

Siku ya mkutano nilivaa kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisani, nikafika mapema kuliko wafagiaji. Ukumbi ulikuwa baridi kama juu ya Meru, ingawa nje jua linawaka; wamenunua baridi. Kila kiti kina mkoba wa nailoni wenye maandishi ya kukataza kutupa nailoni. Wataalamu wakaingia, wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana, na kumbe wiki iliyopita walikuwa pamoja Morogoro.

Nikakaa karibu na kijana wa hoteli aliyekuwa anapanga chupa za maji. Nikamwuliza mgeni rasmi atakaa mpaka saa ngapi.

"Mama, wageni rasmi hawakai. Anafungua, anapiga picha, anaondoka. Gari lake hata halizimwi."

Dakika kumi zangu ni kabla ya chakula cha mchana. Afisa ataondoka kabla ya chai. Nilikuwa nimehangaika kote kule ili niwasomee maua ya mapambo watu ambao hawawezi kuzuia hata kuku asiingie bustanini.

Afisa akaingia, mnene, mwenye haraka, akakaa mbele. Mwenyekiti akasema tuanze kwa dua na sala, kama ilivyo desturi. Shehe akasimama, akaomba vizuri, kwa ufupi, akakaa. Upande wa Wakristo, mchungaji aliyealikwa hajafika. Watu wakaanza kutazamana. Wasomi wale, wote wana majina ya ubatizo, kila mmoja akatafuta kitu sakafuni. Ndipo mwenyekiti macho yake yakaangukia kitenge changu.

"Mama yetu pale, tusaidie."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga, nakuapia. Wote wakainamisha vichwa, na afisa naye akainamisha, akafumba macho. Nikamtazama kidogo kabla sijafumba ya kwangu. Nikaona: huyu mtu sasa haendi popote. Kwetu hakuna anayetoka katikati ya sala, hata kama gari linaunguruma.

Nikaomba. Nikamshukuru Mungu kwa mlima na kwa mvua. Nikamshukuru kwa chemchemi yetu, nikamweleza iko wapi: ukitoka Kikatiti unapanda, unapita kanisa, unafuata mfereji upande wa kulia mpaka kwenye miti mikubwa. Nikamwambia miti imepakwa rangi nyekundu, na misumeno inakuja mkutano huu ukiisha. Nikamwombea shemeji yangu, kwamba ni mtu mwema aliyepitiwa na biashara. Nikawaombea watoto wa Jumapili ambao mwakani watajifunza uumbaji kwenye visiki. Halafu nikamwombea afisa, kwa cheo chake, kwamba Bwana ampe macho ya kuona na gari la kumfikisha. Nikamwomba Mungu asimwache alale vizuri mpaka afike. Hapo nikasikia mtu anakohoa. Nikaendelea.

Nilipofika kwenye amina, ukumbi wote ukaitika kwa nguvu, nadhani kwa furaha kwamba nimemaliza. Na afisa akaitika. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Wengine walisema baadaye kwamba nilitumia sala kama hotuba. Mimi niliomba kwa sababu nilitaka kujibiwa. Kama aliyepaswa kutumwa alikuwa amekaa mstari wa mbele, hiyo nayo ni kazi ya Mungu, siyo yangu.

Wakati wa picha afisa alinijia, uso umemwiva.

"Mama, huyo shemeji yako ana kibali cha kukata?"

"Ofisi ya vibali ni yako, baba. Nilikuja kuuliza mara tatu."

"Mimi sijasaini kitu."

"Basi njoo uwaambie."

Alikuja. Alifika na gari lile lisilozimwa, siku ya pili yake, na lori la misumeno likageuka na kushuka. Miti miwili ilikuwa imeshaanguka, ile ya chini, kwa sababu shemeji alisikia habari za sala akaona awahi, akaliita lori bila kungoja mkutano uishe. Mingine imesimama mpaka leo ninapoandika. Mfereji unapitisha maji. Shemeji alikaa muda mrefu haitikii shikamoo yangu, na mume wangu alipita katikati yetu kama mtu anayevuka barabara kuu. Hayo nayo ni gharama, sisemi hayakuniuma.

Mada yangu sikuisoma. Muda ulitubana, walisema, na maua ya mapambo yakaondolewa. Lakini cheti nilipewa, kimeandikwa mtoa mada.

Basi, rafiki, usiishie kucheka peke yako. Wako wanawake wengi kwenye miinuko hii ambao sasa hivi wanatazama miti yenye rangi na hawajui pa kuanzia. Wapelekee habari hii. Wasiojua kusoma wasomee, na pale kwenye sala usifupishe.