Udongo Alioletewa Mama

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka ni ya udongo uliofukuliwa asubuhi chini ya miti mikubwa. Ilifanana kidogo na uyoga, kidogo na mti uliochanjwa, na ilikuwa na ubaridi uliokupanda puani kabla hujainama. Tulikaa kwenye mteremko wa kilima chenye msitu, bara ya Malindi, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka mjini, na shamba letu lilikuwa ubavuni mwa msitu huo. Mibambakofi iliangusha majani yake mwaka baada ya mwaka, majani yakaoza juu ya majani, na chini ya uozo huo ndipo ulipokuwa udongo wenyewe, mweusi wenye ukahawia, wa chembechembe laini zilizovurugika kama ugali wa jana. Jembe liliuingia kimya. Haukung'ang'ania chuma kama udongo wa mfinyanzi, wala haukukimbia vidoleni kama mchanga wa pwani. Ukiufinya kiganjani ulishikamana, ukiugusa kwa kidole gumba ulivunjika. Mvua ikinyesha uliyanywa maji yote usiache dimbwi, na jua likiwaka hata wiki nzima, ukifukua kidogo tu ungekuta bado umelowa na nyungunyungu wamo kazini. Wajukuu wangu wanafundishwa shuleni kwamba udongo wa namna ile huitwa tifutifu. Sisi tuliuita udongo basi, maana watoto wa kilimani hatukujua kama kuna mwingine.

Mama alijua. Yeye, Sidi, alizaliwa upande wa Mariakani, penye udongo wa kijivu wenye changarawe za mawe ya mchanga yaliyomomonyoka, udongo unaouma nyayo na kumrudishia mkulima nusu ya mbegu yake akiwa na bahati. Kwao walifuga mbuzi kwa sababu mbuzi hawabagui. Alipoolewa akaletwa kilimani, alisema baadaye, siku ya kwanza aliogopa kukanyaga shamba, akidhani atazama. Alikuwa na tabia ambayo watu waliicheka hadi walipoizoea: udongo wowote mgeni aliulowesha kwa mate, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akausogeza sikioni akiendelea kuusugua. Wenye changarawe hulia. Wa kwetu haukulia. Baba, jina lake Charo, alipopewa sehemu ya mteremko na wazee, hakuchagua mwenyewe, alimwachia mkewe. Mama akazunguka juu hadi chini akiokota na kusugua, akaikataa sehemu ya juu kwa sababu mvua huipora, akaikataa ya chini kwa sababu maji hutuama, akachagua kiunoni. Akakataza visiki vising'olewe, na matawi yote yaliyofyekwa akataka yalazwe kwa kukingama na mteremko ili udongo ukianza safari upate pa kukwama. Baba alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nalima tu, shamba ni la masikio ya mke wangu." Alisema kwa utani, lakini hakuwahi kuhamisha hata tawi moja bila kumwuliza.

Vita vya Waingereza na Wajerumani vilitufikia bila risasi. Alikuja mkubwa wa kijiji na askari, akasema kila kilima kitoe wanaume wa kubeba mizigo. Baba alikuwa akipalilia mahindi. Walimwita akaenda kuwasikiliza, akiwa ameacha jembe limesimama kwenye mstari, na hakurudi kulichukua. Mimi nilikuwa nimebeba kibuyu cha maji yake ya kunywa. Nakumbuka nilisimama nikijiuliza kama nimfuate nayo au niyarudishe nyumbani, na nikayarudisha. Kutoka mbali alituambia kunde zichumwe mapema zisije zikapasuka. Wanne walichukuliwa siku hiyo, pamoja na Katana, rafiki yake wa ng'ambo ya kijito. Mdogo wangu Kazungu alilia akawakimbilia hadi askari akamfukuza. Mama aliinua lile jembe, akamalizia mstari.

Mguu ukiukalia muda mrefu hufa ganzi, ukiupiga husikii, unautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa mimi msimu ule wote. Sikuwa na huzuni. Ningekuwa nayo ningeijua, maana Kazungu alikuwa nayo na niliiona usoni mwake kila jioni. Nilichota maji, nilitwanga, nilifukuza nyani. Mavuno yalipokuja yalikuwa makubwa kuliko yote niliyoyaona utotoni, mahindi ya kuvunja mgongo, kunde za kujaza ghala, kwa sababu udongo haukujua kwamba baba hayupo. Tulikula tukashiba, na nikiulizwa leo chakula kile kilikuwa na ladha gani sina jibu. Mama naye aliongea kidogo tu, mambo ya kuni na ya mbegu. Watu walisema amejikaza. Mimi nadhani alikuwa kama mimi, tukiishi nyumba moja kila mtu na ganzi yake.

Lililotuamsha kidogo lilikuwa ujio wa baba mkubwa, Karisa, kaka yake baba, aliyekaa Ganda katikati ya minazi na mchanga wake uliochoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wengi na ardhi isiyowatosha, na alikuwa hodari sana wa kulima kwa mdomo. Katika ukoo wetu, mbegu ya kwanza ya msimu hutiwa ardhini na mwenye shamba, na akifa hutiwa na mjane wake, lakini baada ya mume kuzikwa na kuliliwa. Kwa mtu asiyejulikana yu hai au amekufa, shamba hulala. Msimu uliopita ulikuwa umepandwa na baba mwenyewe, basi hapakuwa na neno. Masika yaliyokuwa yakija ndiyo yaliyokuwa kesi.

"Mimi sikufukuzi, mke wa ndugu yangu," alimwambia mama. "Lakini msitu hausubiri. Ukilala msimu, vichaka vimerudi. Mvua ikianza hatujapata habari, mtateremka Ganda mkae kwangu, na hapa vijana wangu watapashika. Asiyekuwapo na lake halipo."

Mama alimjibu, "Nimekusikia, shemeji," akaenda kumwekea chakula. Tangu siku hiyo nilimwona akitazama mawingu kwa namna nyingine, kama mtu anayetazama mlango. Kwetu, aliyefia mbali huletwa udongo wa kaburi lake ukazikwa nyumbani, na hapo msiba huhesabiwa umekwisha na watu wakaendelea na kazi zao. Mama alihitaji mume au alihitaji udongo wake, kimojawapo, kabla ya mvua. Hakulisema hilo kwa mtu, lakini hata Kazungu alilijua.

Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda kutoka baharini, na baba mkubwa amekuja kutupangia siku ya kuhama, Katana alipobisha hodi. Hatukumtambua. Alikuwa amebaki mifupa ndani ya koti la kaki, na miguu yake ilikuwa imevimba hata hakuweza kukunja magoti akakaa vizuri. Mama alimkaribisha, akampa maji, akangoja anywe. Kwetu mgeni haulizwi akiwa na kiu.

"Shemeji," alisema Katana, "Charo tulimwacha. Ni kuhara damu, kulikuwa na mvua na matope, upande wa Wajerumani. Watu wengi wamekwisha kule." Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. "Nimekuletea udongo wake."

Baba mkubwa alishika kichwa. Kazungu akaanza kulia. Mama alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akafungua fundo, na kwa mazoea yake, nadhani bila hata kukusudia, akalowesha kidole, akachukua chembe, akasugua, akapeleka sikioni. Mkono wake ukasimama. Akasugua tena, polepole zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nikausikia ukilia. Alimtazama Katana, na Katana akatazama miguu yake iliyovimba, akaitazama muda mrefu.

"Vipi?" baba mkubwa akauliza.

Mama alimwuliza Katana, "Wewe mwenyewe ulimfunika?"

Hapo Katana akainua uso. "Kwa mikono hii, shemeji. Sikuwa na sanda. Nilimvua kofia yake nikamwekea usoni, mchanga usimwingie machoni."

Mama alilifunga fundo upya, akalikaza. "Basi tumzike," akasema, "mvua isije ikatukuta."

Tulimzika ukingoni mwa shamba, majirani wakiwa wamejaa. Baba mkubwa alichimba mwenyewe, na hilo nampa, alichimba vizuri na alilia kwelikweli. Kitambaa kilipofunguliwa ule udongo ukamiminwa, ulikaa kijivu juu ya weusi wa kilima, na nakumbuka niliwaza kwamba hautachanganyika. Wanawake waliomboleza. Kazungu alilia hadi akapoteza sauti, akalazwa mapajani mwa shangazi, akalala. Watu walinitazama mimi wakingoja, na mmoja akanong'ona kwamba huyu mtoto ana moyo mgumu. Sikumchukia. Nilikuwa nimejaribu kulia, hakikutoka kitu. Katana alipewa chakula cha kwanza, akapewa na mkeka, na mama mwenyewe akamkanda miguu kwa maji ya moto.

Mvua ilipokwisha kulowesha, mama aliingia shambani na mbegu, kama mjane, na hapakuwa na wa kumzuia. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kurudi Ganda. Tulikuwa wawili tu, mama mbele akichimba vishimo, mimi nyuma nikidondosha mahindi na kufukia kwa mguu. Udongo ulikuwa na harufu ile ile. Mama akasema bila kugeuka, "Ule udongo wa Katana ni wa kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Mariakani. Pale watu wanaposhuka kwenye gari la moshi. Nimetambaa juu yake nikiwa mtoto, nimeula, siwezi kuusahau."

Nilimwuliza swali ambalo mtoto yeyote angeliuliza, kama basi baba yu hai. Mama aliacha kuchimba.

"Baba yako amekufa. La kofia ni kweli, nilimwona Katana usoni. Uongo ni huu udongo tu. Alitoka kule hana nguvu za kubeba hata shuka lake, angebeba udongo wa mtu? Alipofika Mariakani ndipo akakumbuka kwamba mimi nipo." Alichimba kishimo kingine. "Angekuja mikono mitupu, leo tungekuwa Ganda. Tia mbegu."

Nikatia mbegu. Sijui hadi leo kama mama alimsamehe Katana au alimhitaji, na labda kwake hayo yalikuwa jambo moja. Najua kwamba Katana alipokuwa mzima alikuwa akituletea kuni bila kuombwa, na mama hakumwambia neno, na yeye hakumwambia mama neno, wakazeeka hivyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini kimya cha wale wawili sikuwahi kuusikia mshindo wake. Baba mkubwa alikufa akiamini kwamba ndugu yake yuko pale. Kazungu pia.

Nilikwenda kilimani juzi kuwaona watoto wa Kazungu. Msitu umekwisha, umekuwa makaa na nguzo za nyumba za mjini. Visiki vyote viling'olewa zamani ili plau ya ng'ombe ipite, na ng'ombe huvuta kuteremka kwa sababu ndiyo njia rahisi. Sehemu ya kiunoni aliyoichagua mama sasa ni nyekundu, ngumu, jembe likigonga linalia. Nilifinya udongo kiganjani ukabaki donge, nikaugusa kwa kidole gumba haukuvunjika. Mvua ikinyesha maji hayaingii, yanapita juu na kuteremka nao. Vijana wananunua mbolea kwenye magunia na wanalalamika kwamba haishiki. Niliwaeleza jinsi ardhi ile ilivyokuwa, wakanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza bibi. Sikuwalaumu, maana hata mimi nilipokuwa nikieleza, ile harufu haikunirudia puani. Nimebaki na maneno ya kuieleza tu.

Lile kaburi la ukingoni wanalitunza. Kila mwaka kabla ya masika humwaga uji pale na kumwita babu yao kwa jina, na safari hii waliniomba mimi mkubwa wao nimwage. Mama amekufa, Katana amekufa, na Kazungu tulimzika mwaka jana. Niliinama nikamwaga. Wale wote walioamini kwamba baba yuko pale walimlilia siku ile ile, wakanyamaza, wakaishi. Mimi niliyeambiwa ukweli ndiye ambaye sijamlilia bado.