Kibuyu Kilichotoka Mezani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi, na karibu zote niliziacha kabla hazijaniacha. Shule yenyewe niliiacha darasa la tano, kule kwetu Endamarariek, kwa Wambulu, nilipodandia lori la ngano ili nijue linakwenda wapi. Lilikwenda Karatu, likapakua, likarudi. Mimi sikurudi.

Kwa hiyo mkuu wa makumbusho madogo, yaliyokuwa kwenye njia ya kwenda kreta ya Ngorongoro, aliponiambia anatafuta mlinzi wa kudumu, mwenye buti na koti zito, niliitaka kazi ile kwa moyo wote. Hasa koti. Baridi ya kule mwezi wa Agosti haina mchezo.

"Nitakujaribu Jumamosi," alisema. "Kuna sherehe ya jioni: picha, ngoma, kwaya, na mgeni rasmi kutoka Arusha. Wewe utalinda meza ya vyombo vya asili. Kitu kisitoke mezani. Kikitoka, na wewe unatoka."

Katikati ya meza ile kulikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa, kimepambwa kwa shanga, walichokiazima kwa bibi mmoja wa Kimaasai wa Nainokanoka. Kando yake kadi: "Kibuyu cha zamani. Usiguse."

Jioni ilianza vizuri. Kwaya kutoka Karatu ilishuka kwenye trela la trekta, nyekundu kwa vumbi, ikaanza kuimba kabla haijajikung'uta. Vijana wa Kimaasai waliruka uani. Ndani, wafugaji wawili walisimama mbele ya picha ya ng'ombe.

"Huyu ana mimba," alisema mmoja.

"Mimba gani? Kavimbiwa huyu."

"Basi aliyemchora hajawahi kukamua."

Mchoraji, aliyekuwa amesimama hapo hapo, alijifanya anarekebisha msumari.

Ndipo akaingia bibi mwenye kibuyu, na kibuyu kingine kidogo cha maziwa mgongoni, kwa kuwa hakuona namna ya kwenda kwenye sherehe mikono mitupu. Alikuja moja kwa moja mezani, akafungua kibuyu chake na kuingiza pua. Uso ukabadilika.

"Wewe Mmbulu, hiki kimesafishwa lini?"

"Koko," nilimwita, kama Wamaasai wanavyomwita bibi, "hiki ni cha kuonyesha tu."

"Kuonyesha nini? Kwamba mimi ni mchafu?"

Shanga zile alizishona mwenyewe, na mwanamke yeyote wa Nainokanoka angezitambua kutoka mlangoni. Wote walikuwa wamealikwa. Bibi alikitia kibuyu kwapani akatoka.

Nilitazama meza, nikatazama mlango. Nikamfuata. Kuanzia hapo nililinda kibuyu, si meza.

Uani, kwenye moto wa wapishi, alichomoa kijiti cha mzeituni pori kinachowaka, akakisukuma ndani ya kibuyu na kukizungusha, kama Wamaasai wanavyosafisha vibuyu vyao, moshi ukimtoka kila upande kama gari bovu. Akakung'uta makaa, akanusa, akatabasamu.

"Sasa tukirudishe, koko. Haraka."

"Kitupu? Mbele ya wageni? Kwenu mgeni mnamwonyesha chungu kisicho na kitu?"

Nilimkumbuka mama yangu. Angenipiga. Nikashika kibuyu, bibi akamimina maziwa yote.

Tulikiweka mezani sekunde ileile mgeni rasmi alipoingia na mkuu wangu ubavuni. Alikuwa mtu mnene, ndani ya suti ya kaunda, kinywa kimekauka kwa vumbi la barabara. Bibi hakungoja kutambulishwa. Alijaza kifuniko cha kibuyu, ambacho ndicho kikombe chake, akampa. Akanywa. Akampa tena. Kifuniko cha tatu aliomba mwenyewe. Ndipo akasoma kadi.

"Cha zamani kiasi gani?" aliuliza kwa hofu kidogo.

"Maziwa ni ya leo asubuhi, mheshimiwa," nilisema.

Watu walicheka, yeye zaidi ya wote. Akahutubia juu ya utamaduni huku punje za mkaa zimemganda menoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kwaya ilipomaliza, bibi alifunga kile kibuyu kikubwa mgongoni. "Chombo chenye maziwa hakilali ugenini," alisema, akaondoka.

Mkuu alikuja taratibu. "Kilitoka mezani?"

"Kilitoka, kikarudi, na sasa kimetoka tena."

Alifungua mdomo kunifukuza. Lakini mgeni rasmi alikuwa bado ameinamia kitabu cha wageni, akiandika kwamba katika vyote alivyoviona, kibuyu ndicho kilichomgusa, na kwamba angerudi na familia yake ili nao wakione. Mkuu alisoma, akafunga mdomo.

"Kesho nenda Nainokanoka ukakiombe," alisema.

Nilitembea nusu siku. Bibi alikubali, kwa sharti moja: kila wiki kisafishwe kwa moto.

"Na nani?" aliuliza.

"Na mimi, koko."

Kazi hiyo kwao ni ya wanawake. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaita boma zima: "Njooni muone, nimepata mke mwingine wa mwanangu, na huyu ni mwanamume!" Wakwe zake, wake wa wanawe, wakatoka mmoja mmoja, wakanipanga mstarini pamoja nao, wakanifundisha kushika kijiti.

Koti nililipata. Lilinuka moshi wa mzeituni hadi siku nilipoondoka, na kila nilipopita Nainokanoka, wale wanawake waliniuliza kama vyombo vyangu ni safi.