Kilima Tulichokichora kwa Majivu

Maziwa yakifurika na kumwagikia makaa hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote: utamu kidogo, uchungu kidogo, na kitu kama unywele uliopitiwa na moto. Hivi majuzi iliniingia puani kule Mubi, upande wa Walikale, katika kibanda cha chai kando ya barabara. Mama mwenye kibanda alikuwa anabishana na mteja akasahau sufuria yake. Watu walicheka, wengine wakanung'unika. Mimi nilibaki na kikombe changu mkononi, kwa sababu sikuwa Mubi tena. Nilikuwa mtoto, kwetu karibu na Mushaki, nimesimama nje ya waya wa miba asubuhi yenye ukungu, nikinusa maziwa ya watu wengine.

Niwaeleze kwetu palivyokuwa. Kilima chetu kilikuwa na pande mbili. Juu, kwenye majani mafupi, walikaa wafugaji. Chini, kuelekea mtoni, tulikaa sisi walima maharagwe na mihogo. Katikati ulipita waya wa miba. Kilima chote, juu na chini, kilikuwa mali ya bwana mmoja aliyeishi Goma, ambaye sisi watoto tulimjua kwa mlio wa gari lake tu. Ili wapate mahali pa kupanda, wazazi wetu walimfanyia salongo, yaani kila wiki walikwenda kumfyekea na kumchimbia mifereji bila malipo. Mavuno yalipofika, kapita wake, yaani msimamizi wa mashamba, mtu mwembamba mwenye koti refu na sauti kubwa kuliko mwili, alikuja kuchukua sehemu ya bwana.

Shuleni niliketi dawati moja na Uwera, binti wa mchunga ng'ombe. Alikuwa na ngozi laini inayong'aa, nami niliamini kabisa kwamba mama yake anamwogesha kwa maziwa. Siku moja nilimuuliza. Alicheka mpaka mwalimu akatupiga jicho. Kisha na yeye akaniuliza kama ni kweli kwetu tunalala juu ya magunia ya maharagwe. Nilikasirika. Kwetu tulilala kwenye mkeka, na maharagwe yakiwepo, Mama aliyapima kwa kiganja kabla ya kuyatia chunguni.

Nyumbani sikuthubutu kusimulia urafiki ule. Watu wa chini walisema wa juu ni matajiri wenye kiburi. Wa juu, nilikuja kujua baadaye, walisema hivyo hivyo juu yetu. Koko peke yake, nyanya yangu, ndiye aliyekuwa akitikisa kichwa na kusema, "Nyungu ya jirani unaonaka moshi yake tu."

Msimu ule maharagwe yalikubali kweli kweli. Maganda yalikuwa yameanza kunenepa wakati kapita aliposhuka mpaka kwenye mashamba, akasimama juu ya tuta ili aonekane.

"Mukubwa anasema majani inapashwa kufika ku muto," alitangaza. "Juma inayokuya ngombe zitaingia humu, maharagi ikomae ao isikomae."

Mama alikuwa na jembe mkononi. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Jioni ile hakuna aliyeimba kijijini. Vijana walisema ng'ombe wa kwanza kukanyaga shamba hatarudi na miguu yake minne. Nilimfikiria baba yake Uwera, aliyetembea daima mbele ya ng'ombe wale, nikauacha ugali wangu sahanini.

Dada Furaha alikuwa tayari kijijini wakati huo. Alikuwa msichana wa chuo kikuu huko Goma, mzaliwa wa Pinga, aliyekuja kuchunguza kwa nini watu wa udongo mzuri namna ile wanalala njaa. Alipanga chumba kwa pasteri. Buti zake za mpira zilikuwa kubwa mno kwa miguu yake, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuliza, watoto tulimwita Dada Maulizo. Siku alipomuuliza Koko ni nani maskini hapa, Koko alimtazama kwa huruma.

"Mutoto wangu, wamekutuma toka mbali uulize ile?"

Lakini Dada Furaha hakuchoka. Aliuliza chini, akapanda juu akauliza tena. Alipoambiwa habari ya ng'ombe na maharagwe, alikaa na pasteri kwa muda mrefu, kisha wakawaita akina mama wa pande zote mbili wabaki uani mwa kanisa baada ya ibada ya Jumapili. Walibaki. Wa juu walisimama upande huu na wa chini upande ule, kama watu wanaosubiri maiti mbili tofauti.

Kwanza alituita sisi watoto. Alituomba tuchore kilima chetu chini, kwenye udongo. Mnajua watoto na kuchezea udongo! Tulipiga magoti tukaanza. Waya tuliuchora kwa majivu, mto kwa majani ya mgomba. Maharagwe yakawa mashamba, vijiwe vyeupe vikawa maziwa. Mimi na Uwera tuligombania mahali pa kanisa mpaka pasteri mwenyewe akatuamua. Pembeni kabisa tuliweka tofali moja: Goma, nyumba ya bwana.

Ndipo Dada Furaha akawaambia akina mama, "Sasa kila mutu abebe kile kinatoka kwake, akipeleke pale kinaendaka."

Mama yangu alipiga magoti. Alisukuma maharagwe kuelekea tofali: haya ni ya bwana, haya ya kapita, haya ya mbegu. Chini ya mkono wake zilibaki punje ambazo kuku angezimaliza kabla hajafumba jicho. Kisha akaja Mama Uwera, mwanamke mrefu ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Alivikusanya vijiwe vyote vyeupe, akavipeleka kwenye tofali. Vyote. Akasimama, akapangusa mikono.

Mama yangu alivitazama vile vijiwe. Ndiye aliyeuliza kwanza.

"Mama Uwera, na watoto? Watoto wanakunywaka nini?"

"Chai kavu. Siku ya yenga, kama leo, njo wanatuachiaka kidogo."

"Na zile ngombe?"

"Ngombe gani? Siko na hata mukia ya ngombe. Tunachungaka tu." Akayatazama maharagwe ya Mama pale chini. "Miye nilifikiri nyinyi munakulaka mpaka munabakisha."

Mama mmoja alianza kucheka. Hakikuwa kicheko cha dharau. Kikapita kwa mwingine, na mwingine, mpaka wengine wakawa wanafuta machozi kwa kona ya kitenge, na hata leo sijui machozi yale yalikuwa ya nini. Nilichoona ni kwamba hapakuwa tena na upande huu na upande ule. Walikuwa wamelizunguka tofali.

Mama Uwera alieleza kwamba waume wao hawakutaka kuingiza ng'ombe mashambani, ila kapita aliapa kuwafukuza wakikataa. Walizungumza mpaka jua likainama. Mwishoni walimgeukia Dada Furaha. Wewe umesoma, walimwambia, unajua Kifaransa, ukaseme na bwana kwa ajili yetu.

Alikataa. "Nitaikala kati yenu," alisema, "lakini siko na shamba hapa, siko na ngombe. Nikisema miye, ataona ni mambo ya wasomi wa Goma."

Niliumia. Nilimwona mwoga. Nilijiambia moyoni, kumbe hodari wa kuuliza tu.

Siku ya ng'ombe ilipofika, akina mama wote, kama walivyopatana, walikwenda kukaa mbele ya lango la waya, wa juu na wa chini, Dada Furaha kati yao, na sisi watoto mapajani na migongoni. Umande ulitulowesha. Upande wa ndani wachunga ng'ombe waliegemea fimbo zao, na hakuna aliyefungua. Kapita alipiga kelele, akapiga simu, akapiga kelele tena. Jua lilipokuwa juu, tulisikia gari.

Bwana alishuka. Nilitegemea jitu. Alikuwa mzee mwenye kitambi, aliyevaa kofia ya sufu kwa sababu ya baridi.

"Nani anawatuma?" aliuliza.

Mama yangu alisimama. Alikaza kitenge chake kiunoni.

"Papa, karibu kwanza. Hakuna mutu anatutuma. Hatuombe ferme yako, hii shamba yote. Tunaomba tuvune kile tumepanda, na tulime bila kuogopa kila musimu."

Mama Uwera akasimama kando yake. "Na siye, Papa, tunakamuaka maziwa yako asubui na magaribi. Watoto wetu wanayinusaka tu."

Bwana alimtazama kama mtu aliyesikia kiti chake kikisema. "Nyinyi pia?"

"Na siye pia, Papa."

Aligeuka, akatazama lango lake lililofungwa na watu wake mwenyewe. Kisha akasema, "Muvune. Ingine tutazungumuza mbele ya chefu wa eneo."

Sitawadanganya kwamba yote yaliisha siku hiyo. Mazungumzo yalivuka misimu. Bwana alisahau ahadi, akina mama wakamkumbusha, akasahau tena. Kapita, kwa hasira, alimfukuza baba yake Uwera kazini. Lakini watu wa chini walimkatia sehemu ya kujenga karibu na mto, na Mama alimfundisha Mama Uwera kupanda maharagwe kwa mstari. Mistari yake mpaka leo imepinda. Hatimaye makubaliano yaliandikwa mbele ya chefu: mteremko wa chini ni wa kulima, salongo ipunguzwe, na kila siku maziwa kidogo yabaki juu kwa watoto. Hatukuwa matajiri. Tulikuwa watu wanaoweza kupanda na kujua kwamba watavuna.

Siku hizi mimi mwenyewe ndiye Dada Maulizo. Nazunguka Walikale nikiuliza akina mama wanaobeba mizigo kwenye njia za migodini ni nini kinabaki mikononi mwao. Miaka mingi baadaye nilikutana na Dada Furaha, nikakiri kwake kwamba nilimwona mwoga. Alicheka, akaniambia kwamba alikuwa mwoga kweli: usiku ule kabla ya lango hakupata usingizi, kwa kuwa yeye angeweza kurudi Goma, nao wasingekuwa na pa kurudi. Ndiyo maana hakuona haki ya kuwasemea. Waliokuwa na cha kupoteza ndio waliopaswa kuchagua maneno.

Utotoni nilidhani ametunyima sauti yake. Leo najua alikuwa anakataa kuchukua ya mama yangu. Kabla ya asubuhi ile, Mama hakuwahi kusema neno mbele ya mwanamume mwenye gari. Baada ya hapo alisema mbele ya chefu, mbele ya mkuu wa shule, mbele ya kila kapita aliyefuata. Papa, baba yangu, hulalamika kwamba hata nyumbani hanyamazi tena. Hulalamika huku anatabasamu, na kumsogezea kiti.