Vitabu Vikuukuu vya Sala

Enzi zetu pale Kamenu, Thika, sala ya asubuhi haikuwa jambo la kuchagua. Cucu, mama yake baba, alitupanga wajukuu sita kwenye benchi, akafungua kitabu chake cha sala chenye jalada jeusi lililolainika kwa kushikwa. Kilinuka moshi wa kuni. Nje king'ora cha viwandani kililia, uji ulikuwa unapoa, na mimi miguu ilikuwa inaniwasha. Nikichungulia mlango, Cucu alisema bila kuinua macho, "Mungu hana haraka. Ni wewe uko na haraka." Watoto wa siku hizi husali kwa simu, ujumbe ukiingia katikati, amina inasubiri.

Cucu alifariki nikiwa shule ya bweni. Niliporudi, wakubwa walikuwa wameshagawana vyombo, na kitabu kilikuwa kimechomwa pamoja na godoro lake. Tangu hapo sijatulia. Kila Jumamosi nazunguka kwa wauza vitabu vya mitumba, Thika hadi Ruiru, nikitafuta vitabu vya kale vya sala vya Kiprotestanti. Nimekusanya ishirini na tisa. Nikipata kimoja, furaha haifiki jioni, natoka tena.

Mwezi uliopita nilielekezwa mtaa wa Kiuu, kwa Mama Rasoa, mjane aliyetoka magharibi mwa Kenya akiwa msichana kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo. Kitabu chake cha sala kilikuwa kikuukuu kuliko vyangu vyote. Pembeni mwa kurasa alikuwa ameandika kwa penseli majina ya wenzake wa kiwandani: huyu mgonjwa, huyu amefiwa, huyu ameachishwa kazi. Nikamwomba anipe, nikamweleza nitakavyokitunza kwenye kabati la kioo.

Akaniuliza, "Ukienda nacho, hawa nani atawaombea?"

 Akasema macho yake hayaoni tena maandishi madogo, basi nimsomee. Nilianza nikiwa nimesimama, jicho moja kwa saa. Kwa kila jina alikuwa na neno: huyu alipenda kuimba, huyu alinigawia chapati siku sikuwa na kitu. Mwishowe nikakaa. Niliondoka mikono mitupu, na sasa Jumamosi narudi kumsomea, ingawa mguu bado hautulii.

Zamani nyumba yetu nzima ilikuwa na kitabu kimoja, na hata mtoto asiyejua kusoma alizijua sala zake kwa kichwa. Leo niko na kabati limejaa, na nikitaka kusali, nafunua kurasa nikitafuta pa kuanzia.