Mapambo Yangu ya Machungwa

Nawaambia ninyi tu, watu wa Bunda wasijue. Mwaka huu hapa Murangi maduka hayana hata sabuni, sembuse mapambo ya Krismasi. Nikajitapa mbele ya kwaya kwamba nitapamba kanisa kwa machungwa makavu. Nikayakata vipande vya duara, na kwa kuogopa kuku wa uani nikayaanika ufukweni, juu ya wavu wa mke wangu. Baada ya siku tano yalipitisha mwanga kama vioo vya rangi. Nikayanusa, sikusikia kasoro. Pua yangu imekulia ziwani. Nikayatunga kwenye uzi, nikayaning'iniza juu ya madhabahu.

Siku ya Krismasi mchungaji akasema, "Aliyepamba asimame tumpongeze."

Nikasimama, nikanyoosha koti. Hapo hapo paka akaingia, akapita katikati ya viti hadi mbele, akaketi akiyatazama machungwa. Akafuata wa pili. Wa tatu akaurukia uzi.

Kutoka upande wa akina mama, mke wangu akauliza taratibu, "Baba Neema, uliyaanika kwenye wavu ninaoanikiaga dagaa?"

Nilikuwa bado nimesimama.